Nani ameshika swichi ya taarifa ya saa moja?

Acha nikuulize kitu. Mara ya mwisho kutazama taarifa ya habari ya KBC ilikuwa lini? Siongelei klipu ya sekunde 30 uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Naongelea kuketi saa moja jioni, ukaanza na vichwa vya habari, ukakaa hadi msomaji akuage. Kama wewe ni kama mimi, hukumbuki. Pengine ulikuwa kwa shosho ushago na hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Lakini unailipia, msee. Ukinunua vitu vingi dukani unalipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo inaishia kwenye jengo moja pale Barabara ya Harry Thuku, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. KBC ni shirika la umma. Ni yako kwa njia ile ile Thika Road ni yako, na kama Thika Road, una haki ya kuuliza nani aliweka matuta.

Nilisomea uanahabari miaka miwili kabla karo haijanishinda. Kuna somo la historia ya utangazaji nililolikariri kwa ajili ya mtihani, nikalisahau siku iliyofuata. Limenirudia miaka hii ya karibuni, na kwa sababu nitakazokueleza. Siku hizi nikilifikiria naona kwamba minara na mitambo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hadithi. Sehemu kubwa ni mlango wa chumba cha habari: nani anaruhusiwa kuingia, nani anafukuzwa, na nani anasimama nyuma ya msomaji wakati anasoma.

Twende 1962. Kenya bado ni koloni, uhuru uko mbali kidogo. Kituo cha kwanza cha kurusha matangazo ya runinga kinawekwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru. Nguvu yake ni ya kama kilomita 24 tu, maana yake picha ikifika Nairobi imeshachoka. BBC yenyewe ilikuwa imeanza taarifa ya habari ya runinga mwaka 1954, kwa hivyo hatukuwa nyuma sana kwa hesabu ya miaka. Kwa hesabu ya watazamaji ni kitu kingine. Nani alikuwa na runinga Nairobi ya 1962? Wazungu, wafanyabiashara Wahindi wenye uwezo, na Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Wengine wote walikuwa na redio, au walikuwa na jirani mwenye redio.

Shirika lenyewe liliitwa Kenya Broadcasting Corporation, jina hili hili la leo. Halikudumu. Mwaka 1964 waziri aliyesimamia habari na utangazaji, Achieng Oneko, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, akalitwaa kwa niaba ya serikali. Likageuzwa kuwa Voice of Kenya, Sauti ya Kenya, na kuwekwa chini ya wizara.

Kabla hujalaumu, jiweke pale. Umetoka jela ya mkoloni, nchi yako ina miezi michache, halafu sauti yake bado inaendeshwa kwa mpango uliowekwa na mkoloni yule yule. Ungekuwa wewe, ungeiacha? Mimi singeiacha. Shida ni kilichofuata. Kuanzia siku hiyo msomaji wa habari alikuwa mtumishi wa serikali, na bosi wa bosi wake alikuwa waziri. Yaani mtu anayetakiwa kukwambia serikali imefanya nini, analipwa mshahara na kupandishwa cheo na serikali hiyo hiyo. Sio lazima mtu apigiwe simu na kutishwa. Anajua tu.

Halafu kuna mambo ya kikazi ambayo sisi wa kuskroli tunayasahau. Enzi zile habari ya runinga ilipigwa kwa filamu. Mpiga picha akiwa Kisumu au Garissa, ile filamu ilibidi isafirishwe hadi Nairobi, ioshwe kwa kemikali kwenye chumba cha giza, ikatwe na kuungwa kwa mkono, ndipo ionyeshwe. Tukio la asubuhi kutoka mbali lingeweza kuonekana kesho yake au kesho kutwa. Redio ilikuwa imeshamaliza kazi. Mombasa ilipata kituo chake cha runinga mwaka 1970, na rangi ikaingia 1978. (Wazanzibari, kama kawaida yao, walituzidi. Walifungua runinga yao 1973, na moja kwa moja ikawa ya rangi.)

Mwaka huo huo wa 1978, tarehe 22 Agosti, Mzee Kenyatta akafariki alfajiri akiwa Mombasa. Nchi ikaambiwa mchana. Kwa saa kadhaa kuna watu wachache waliojua kwamba Kenya haina rais, na mamilioni walikuwa shambani, sokoni na shuleni hawajui. Fikiria hilo leo. Leo kabla familia haijaambiwa, kuna msee wa X ameshapost.

Kisha ikaja enzi ya Moi, na hapa muulize mzazi wako yeyote. Atakuigizia bila kusita. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais. Mtukufu Rais leo alihudhuria ibada, Mtukufu Rais leo alitembelea shule, Mtukufu Rais leo aliwahimiza Wakenya kupendana. Haijalishi kama duniani kumeanguka ukuta au kumezuka vita, kwanza Mtukufu Rais. Mzee wangu huigiza ile sauti hadi chai inamtoka puani. Lakini nikimwuliza kama walicheka wakati ule, huwa anatulia kidogo. Anasema walitazama. Walijifunza kusoma picha badala ya maneno: nani amesimama karibu na Rais wiki hii, nani haonekani tena. Kama waziri hakuonekana Jumapili mbili mfululizo, watu walianza kuongea sokoni.

Ukitaka kujua chumba kile kilikuwa na thamani gani, tazama nani alikwenda huko kwanza Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa Jeshi la Wanahewa walipojaribu kupindua serikali, hawakungoja kuiteka Ikulu ndipo waseme. Walikwenda kituo cha utangazaji. Walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake kabla ya mapambazuko, bunduki zikiwa mkononi, wakampeleka kutangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Ilikuwa redioni, kwa sababu redio ndiyo iliyofika kila mahali, lakini jengo ni hilo hilo na wafanyakazi ni hao hao. Baadaye siku hiyo wanajeshi watiifu kwa Rais, wakiongozwa na Mahmoud Mohamed, wakalikomboa jengo. Na Mbotela yule yule akatakiwa kuwaambia Wakenya kwamba serikali iko imara.

Soma hiyo tena polepole. Mtu mmoja, maikrofoni moja, asubuhi serikali imeanguka, baadaye haijaanguka, na mara zote mbili nyuma yake kuna bunduki. Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, na alifariki Februari 2025. Wengi wetu tulimkumbuka kwa kile kipindi chake cha kuuliza kama jambo fulani ni la kiungwana, na ni sawa tumkumbuke hivyo. Lakini mimi nikisikia jina lake naona ile asubuhi. Ndiyo picha kamili ya kazi ya msomaji wa habari wa serikali nchini Kenya, ila siku nyingi bunduki haionekani.

Mwaka 1989 jina likarudi kuwa KBC, na kisheria likawa shirika, si idara ya wizara. Karatasi ilibadilika kuliko chumba. Mwenyekiti wa bodi aliteuliwa na Rais. Mtukufu Rais akaendelea kuwa wa kwanza.

Kilichoitikisa KBC kidogo ni ushindani. KTN ilianza 1990, na hapa kuna kichekesho: kituo cha kwanza kisicho cha serikali kilikuwa na uhusiano wa karibu na chama tawala, KANU. Hata hivyo kilikuja na mtindo mwingine. Catherine Kasavuli, aliyeanzia Sauti ya Kenya, alihamia huko na akawa sura ambayo watoto wa miaka ile waliiga mbele ya kioo. Lakini mwanzoni KTN ilionekana Nairobi tu. Kwa hivyo wakati wa uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na kwa kiasi kikubwa hata 1997, mpiga kura wa Kitui au Busia alikuwa na chaguo moja la runinga kama alikuwa nayo kabisa. Waangalizi wa uchaguzi walilalamika miaka yote miwili kwamba KBC ilimpa Moi na KANU muda mwingi na wapinzani makombo. Unaweza kuwa na vyama vingi kwenye karatasi ya kura na chama kimoja kwenye skrini.

Desemba 2002 Kibaki akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, watu wakiimba, na kwa muda mfupi hata taarifa ya KBC ilionekana kama imefungua madirisha. Nilikuwa na miaka mitatu, sina la kuongeza.

Ya 2007 ninayo.

Tulikuwa tunaishi Nakuru, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, na sisi ndio tuliokuwa na runinga inayoshika vizuri. Great Wall, inchi 14, eriali ya waya imefungwa kwa kipande cha sufuria. Jumapili ya tarehe 30 Desemba nyumba ilijaa. Siku tatu nzima matokeo yalikuwa yanakuja na kusimama. Pale KICC mambo yakaharibika, vurugu ukumbini, waandishi wa habari wakatolewa nje na polisi. Kisha, jioni, mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akatokea tena, lakini safari hii kwenye chumba kidogo. Na kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa ya KBC. Peke yake.

Alisoma nambari. Kibaki 4,584,721. Raila 4,352,993. Haikuchukua muda mrefu Kibaki akawa anaapishwa Ikulu, giza likiingia, na mzee wangu anashangaa kwa nini viti kule ni vichache hivyo.

Nakumbuka sentensi moja kutoka jioni ile kwa sababu niliisikia mara mbili. Mzee wangu aliinua mikono akasema, "KBC imesema." Yaani yamekwisha, ni rasmi, twendeni tukalale. Jirani wa mlango wa tatu, aliyekuwa ameketi kwenye mkono wa kochi letu, akaweka kikombe chini kikiwa na chai nusu, akasema vile vile, "KBC imesema." Maneno hayo hayo. Lakini kwake yalimaanisha kwamba kila kitu kimepikwa, kwamba kama ingekuwa kweli wasingeifungia ndani na kamera moja. Akamshukuru mathe kwa chai akatoka.

Usiku huo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa vituo vyote. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe akawaambia waandishi kwamba hajui kama kweli Kibaki alishinda. Kufikia mwisho wa Januari Nakuru ilikuwa inawaka, na mlango wa tatu ulikuwa wazi, hakuna mtu, hakuna godoro. Mtoto wao alikuwa rafiki yangu wa kucheza bano. Aliondoka na bano zangu saba. Zaidi ya Wakenya 1,100 walikufa katika wiki hizo, mamia ya maelfu wakahama makwao.

Sisemi KBC ilisababisha vita. Nambari zilipikwa au hazikupikwa mahali pengine, na watu walioshika panga walikuwa na mikono yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba siku nchi ilipohitaji kituo kimoja ambacho pande zote zingekiamini, tulikuwa na kituo kimoja ambacho pande zote zilijua ni cha nani. Kazi ya miaka 43, tangu 1964, ilijilipa jioni moja.

Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha. Kifungu cha 34 kinasema wazi kwamba vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yao, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi kwa maoni yanayotofautiana. Kisome, ni kifupi, kinapatikana kwenye simu yako bure. Kisha tazama kilichofuata.

Februari 2015, wakati wa kuhamia mfumo wa dijitali, KTN, NTV na Citizen zilizimwa kwa karibu wiki tatu zikizozana na serikali. Nani alibaki hewani? KBC. Hapo tungekubali kwamba ilikuwa kesi ya mitambo na leseni. Lakini Januari 30, 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa tena kwa sababu zilitaka kuonyesha tukio lile moja kwa moja. Mahakama ikaagiza ziwashwe, agizo likapuuzwa kwa siku kadhaa. KBC haikuguswa. Hakuna aliyeizima kwa sababu hakukuwa na sababu ya kuizima, na kwa chombo cha habari hayo ndiyo matusi makubwa kuliko yote.

Najua kuna watu wa KBC wanaosoma hapa na wameanza kukunja uso. Wana haki. Ndani ya jengo lile wamepita watu waliofundisha nchi nzima namna ya kusema. Badi Muhsin akisoma taarifa, Kiswahili kilikuwa kinapigwa pasi kabla hakijatoka nje. Walimu wetu wa Kiswahili walitutuma tusikilize. Ile desturi ya saa moja Kiswahili na saa tatu Kiingereza, ambayo vituo vyote vimeifuata, wazazi wetu waliizoea KBC. Vituo vya kibinafsi vilivuna watangazaji waliopikwa pale, vikawapa mishahara mizuri, na KBC ikabaki na madeni, likiwemo lile la mkopo wa Japan wa mitambo ambalo limekuwa likiongezeka tangu kabla sijazaliwa. Kasavuli alirudi pale miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki Desemba 2022. Kuna wasee wenye kipaji mle ndani leo, umri wetu, wanaokata habari nzuri na kuona ikiwekwa dakika ya ishirini na tano, baada ya hotuba.

Na usidanganyike kwamba simu yako imemaliza tatizo. Tarehe 25 Juni 2024 tuliliona Bunge likiingiwa, wengine mkiwa humo, kupitia TikTok na X kabla ya taarifa yoyote. Tuliona pia mambo ambayo hayakutokea. Mimi mwenyewe nilisambaza picha ya jengo linalowaka ambayo baadaye iligeuka kuwa ya mwaka mwingine na mji mwingine. Blogu yangu ina wasomaji wachache, lakini wale wachache waliamini. Sina mhariri, sina bodi, sina waziri. Hakuna anayenizima, na pia hakuna anayenirekebisha.

Mwaka mmoja baadaye, Jumatano ya Juni 25, 2025, tulikuwa tumerudi barabarani kuwakumbuka waliouawa. Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV na KTN zikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo, lakini mchana ule nani alikuwa na habari za mahakama? Nilikuwa Tom Mboya Street, macho yakiwasha, nikapata simu kutoka Murang'a.

Shosho yangu ana miaka 81. Alikuwa anatazama, skrini ikawa nyeusi, akajaribu stesheni nyingine, nyeusi. "Imebaki KBC," akasema. Nikamwambia basi atazame KBC. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana, kwa sababu nilikuwa huko nimwambie mimi.

Nikaingia kwenye ngazi za jengo moja ambapo kelele ilikuwa kidogo, nikaanza. Nilimwambia kuhusu umati, kuhusu wauzaji waliofunga vibanda, kuhusu watu waliopigwa risasi upande wa pili wa mji. Nilisikia kiti kikivutwa. Alikuwa ameweka simu kwa spika, na majirani wawili wamekuja kusikiliza. Nikaongeza sauti. Nikajisikia mtu muhimu, nisikudanganye.

Akanikatiza. "Hayo ya upande wa pili wa mji, umeyaona kwa macho yako?"

Nikasema hapana, nimeyaona kwa simu.

"Basi hayo weka kando," akasema. "Anza na uliyoyaona."